Mngurumo Juu ya Klave: Metali Kali Inapokutana na Salsa, Samba na Kumbia

Wimbo unaanza kwa tumba na kengele. Tarumbeta zinaingia, mwili unaanza kuitikia, na kabla mchezaji hajamaliza hatua yake ya pili gitaa linapasuka, dramu zinaongeza kasi maradufu na mwimbaji anaanza kunguruma. Baada ya muda mfupi tumba zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayesikia muziki wa namna hii kwa mara ya kwanza hujiuliza kama ni mzaha, kama ni nyimbo mbili zilizochezwa pamoja kwa bahati mbaya, au kama kuna mpango ndani yake. Mpango upo. Tena ni mpango mzuri, na unaweza kuelezwa kwa mtu ambaye hajawahi kusomea muziki hata siku moja.

Tuanze na majina. Hevi metali ilisimama kama muziki wa peke yake mwaka 1970, pale Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza, walipotoa albamu yao ya kwanza. Katika miaka ya 1980 vijana wa nchi nyingi walianza kuisukuma hadi ukingoni, na yale matawi yaliyofika ukingoni ndiyo yanayoitwa kwa jumla metali kali. Yana majina mengi na mashabiki hugombana sana juu ya mipaka yake, lakini alama zake kuu ni tatu. Gitaa hukazwa sauti ya umeme hadi ipasuke na kukwaruza, na nyuzi zake hulegezwa ili zishuke chini kuliko kawaida. Mwimbaji hunguruma au hupiga ukelele badala ya kuimba kwa sauti laini. Na dramu hupigwa kwa mtindo uitwao blasti: mguu unapiga ngoma ya besi, mkono unapiga ile ngoma ndogo kali iitwayo snea, moja baada ya nyingine bila kuacha nafasi, kwa kasi ambayo sikio haliwezi tena kuhesabu pigo mojamoja. Mick Harris, mpiga dramu wa bendi ya Napalm Death, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliupa mtindo huo jina lake, na albamu yao Scum ya mwaka 1987 ni mojawapo ya mahali pa kwanza ambapo dunia iliusikia vizuri.

Upande wa pili kuna muziki wa dansi wa nchi za joto za Amerika ya Kilatini na visiwa vya Karibi: salsa iliyokomaa New York mikononi mwa Wakuba na Wapuerto Riko, merenge ya Jamhuri ya Dominika, kumbia ya pwani ya Kolombia, samba ya Brazili. Hizi si ngoma za aina moja, na mtu wa Kolombia atakukatalia vikali ukimwambia kumbia ni salsa ya polepole. Lakini zote zina jambo moja linalotuhusu hapa: mapigo yake yamesukwa kwa tabaka. Kila ala ina kazi yake ndogo, hakuna hata moja inayocheza mdundo wote, na mdundo unazaliwa pale zinapokutana.

Mfano mzuri wa kuonyesha hilo ni klave, vijiti viwili vya mbao vinavyogonganishwa, na pia jina la mpangilio wa mapigo vinavyoupiga. Huu unaweza kuujaribu mezani sasa hivi. Hesabu moja hadi kumi na sita kwa mwendo sawa, ukirudia bila kusimama. Piga meza kwa mkono kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ndiyo klave ya son, muziki wa dansi wa Kuba, mapigo matatu kisha mawili, na ndiyo uti wa mgongo wa salsa. Sasa ongeza mguu kwenye 1, 5, 9 na 13. Utagundua kwamba mkono na mguu vinakutana mara mbili tu, kwenye 1 na kwenye 13, na katikati vinapishana. Ule mvutano unaousikia mwilini, ile hali ya kutaka kusogea ili ufidie kitu kilichopungua, ndiyo inayowainua watu vitini. Chimbuko la mapigo ya namna hii ni kengele za Afrika ya Magharibi na Kati, zilizovuka bahari pamoja na watu waliofanywa watumwa. Santuri za Kuba za mfululizo wa GV zilipoanza kusambazwa miaka ya 1930, mapigo hayo yalirudi Afrika, na rumba ya Kongo ikakua kwa kuzisikiliza. Kwa hiyo aliyewahi kucheza rumba anaijua klave kwa miguu hata kama jina lake ni geni kwake.

Angalia tena zile namba, kila moja kama kisanduku kimoja. Katika visanduku kumi na sita, klave inapiga vitano na kuacha kumi na kimoja wazi. Ule uwazi nao ni sehemu ya mpangilio, maana ndimo zinamoingia tumba, kengele, piano na miguu ya wachezaji. Sasa chukua salsa ya mapigo 200 kwa dakika, kasi ambayo wachezaji waliozoea huifikia bila shida. Kila pigo hapa lina visanduku viwili, hivyo visanduku vyetu vinapita kama sita au saba kwa sekunde. Chukua na wimbo wa metali kali wenye mapigo 200 kwa dakika, ambao nao ni wa kawaida kabisa. Blasti yake, mara nne kwa kila pigo, inatoa takriban mapigo kumi na matatu kwa sekunde. Gawanya: kila kisanduku cha salsa kinaingia pigo moja la mguu na pigo moja la snea, sawasawa, bila kubaki.

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Tatizo la kuchanganya miziki hii si kasi, maana kwa hesabu kasi zake zinaingiana vizuri mno. Tatizo ni kwamba blasti inajaza visanduku vyote kumi na sita. Panapojaa kila mahali, hapana tena mahali pa kupishana, na klave inafunikwa. Fikiria watoto wanaoruka kamba, wawili wanaizungusha na wengine wanaingia kwa zamu. Klave ni ile kamba. Unaweza kuingia ukiwa mwembamba au mzito, kwa miguu miwili au mmoja, kwa kelele au kimya. Kinachotakiwa ni usiisimamishe. Bendi inayoingiza blasti bila mpango inakanyaga kamba, na mchezo unakwisha hapohapo hata kama kila mwanamuziki anapiga kwa ufundi.

Kuna ugomvi wa pili, uliojificha zaidi, na kwa maoni yangu ndio mgumu kuliko wote: pigo la kwanza ni la nani? Katika metali kila kitu huangukia kwenye moja. Gitaa, besi, ngoma ya mguu na matoazi hutua pamoja, na nguvu ya muziki hutokana na kishindo hicho. Katika salsa mpiga besi huikwepa moja kwa makusudi. Kwenye visanduku vyetu yeye hupiga 4 na 7, kisha 12 na 15, na lile pigo la 15 huliacha lining'inie hadi mzunguko mpya uanze chini yake. Yaani moja inapofika, besi imeshatangulia. Mchezaji hubebwa na kutangulia huko. Mpiga besi aliyelelewa kwenye metali akiingia katika bendi kama hii, mkono wake hutaka kutua kwenye moja kwa nguvu zote, na akifanya hivyo salsa inageuka gwaride.

Basi wanamuziki wanafanyaje?

Njia rahisi kuliko zote ni kupokezana: kipande cha metali, kipande cha salsa, kipande cha metali. Puya, bendi ya Puerto Rico, waliifanya kazi hii kwa ufundi mkubwa katika albamu yao Fundamental ya mwaka 1999, wakiwa na tarumbeta na tumba halisi, na mishono kati ya vipande imefichwa vizuri kiasi kwamba mwili unahama kabla akili haijatambua. Wapo wanaodharau njia hii wakisema ni kubandika tu. Sikubaliani nao kwa kazi iliyoshonwa hivyo, ila ni kweli kwamba katika mikono dhaifu kupokezana huishia kuwa nyimbo mbili zilizokatwa vipande.

Njia ya pili ni kupunguza kasi ili ngoma zipate hewa. Ndivyo walivyofanya Sepultura. Bendi hii ilianzishwa Belo Horizonte, Brazili, mwaka 1984 na ndugu wawili, Max na Igor Cavalera, na ilianza kwa muziki wa kasi kali usio na dalili yoyote ya Brazili ndani yake. Kufikia Chaos A.D. ya mwaka 1993 ngoma za nyumbani zilishaanza kuingia. Kisha mwaka 1996 ikaja Roots, ambayo ndani yake walirekodi pamoja na watu wa jamii ya Xavante, wenyeji wa asili wa Brazili, na pia Carlinhos Brown, mpigaji na mwimbaji kutoka Salvador, Bahia, mji ambao ngoma zake za barabarani zinajulikana dunia nzima. Ukiusikiliza wimbo wake Ratamahatta utaona jambo la kujifunza: gitaa limeacha kukimbia. Linarudia misemo mifupi, mizito, kama ngoma nyingine kati ya ngoma. Wako mashabiki wa zamani waliolalamika kwamba hiyo si metali kali tena, na kwa kipimo cha kasi wana hoja. Lakini kwa kufanya hivyo Sepultura waliwaonyesha waliofuata kwamba gitaa la metali linaweza kukaa ndani ya mapigo badala ya kukaa juu yake.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote, na ndiyo ya wale wanaojiita wa majaribio. Hawa hawataki kupokezana wala kupunguza kasi. Wanataka blasti na klave zisikike kwa pamoja. Siri yao iko kwenye kugawa kazi upya. Mguu na snea vinaachiwa mafuriko, kwa sababu mafuriko yakiwa ya sawasawa sikio huyazoea na kuyaweka nyuma. Kisha klave inahamishiwa kwenye kitu chenye sauti kali inayopenya, kwa mfano kitovu cha toazi, kengele, au gitaa lenyewe.

Gitaa hasa. Rudi kwenye klave yetu na uhesabu umbali kati ya pigo na pigo: 3, 3, 4, 2, 4. Mwambie mpiga gitaa wa metali azibe nyuzi kwa kiganja na apige kwa mkazo kwenye mpangilio huo, chini, kwa sauti iliyopasuka. Kitakachotoka ni kile kile ambacho mashabiki wa metali hukipenda wimbo unapovunja mwendo na kuwa mzito, vile vishindo visivyokuja pale unapovitarajia. Metali imekuwa ikifanya kazi na mikazo iliyohamishwa kwa miaka mingi. Mgawo wa 3, 3, 2, ambao ni ndugu wa karibu wa klave, umejaa kwenye vipande vyake. Miziki hii miwili imekuwa ikipita njia moja bila kusalimiana.

Wanakutana tena kwenye umbo la wimbo. Salsa nyingi huwa na sehemu mbili. Ya kwanza husimulia hadithi. Ya pili, iitwayo montuno, huacha hadithi na kuzunguka kwenye kipande kifupi: kiitikio kinajibu, mwimbaji anabuni, bendi inapandisha joto, wachezaji wanachukua uwanja. Metali kali nayo ina mahali ambapo maneno yanaachwa, mwendo unavunjika na umati unachukua uwanja. Zote mbili ni sehemu za mwili. Mtunzi mwenye akili huziunganisha hapo, na mngurumo ukiitikiwa na kundi la waimbaji unakaa vizuri ajabu, kwa sababu katika wito na mwitikio kinachotakiwa kwanza ni wakati sahihi, noti zinafuata.

Ipo mitego pia. Watunzi wa metali hupenda kuongeza au kupunguza pigo moja mwishoni mwa kipande ili kumshtua msikilizaji. Ukifanya hivyo juu ya klave, mapigo yake hayaangukii tena pale yalipotakiwa kuwa, na wanamuziki wa Karibi watakwambia umevuka klave. Wanalichukulia kama kosa, si ubunifu. Suluhisho linalofanya kazi ni kuliacha gitaa lizunguke kwa hesabu yake isiyo ya kawaida, tuseme visanduku vitano vitano, huku klave ikibaki palepale, kisha vyote viwili virekebishwe ili vitue pamoja baada ya mizunguko kadhaa. Ni kazi ngumu, na ndiyo sababu baadhi ya wasanii wa majaribio huanza kwa dramu zilizopangwa kwa kompyuta.

Sasa niyaguse yale yanayosemwa sana juu ya muziki huu. La kwanza ni kwamba metali ni ya watu wa kaskazini na kwamba Walatini wameiazima juzi. Dave Lombardo, ambaye upigaji wake katika albamu Reign in Blood ya bendi ya Slayer ya mwaka 1986 umeigwa na vizazi vya wapiga dramu, alizaliwa Havana. Pete Sandoval, aliyepiga dramu katika bendi za Terrorizer na Morbid Angel, mmoja wa walioifikisha blasti kwenye ukamilifu, alizaliwa El Salvador. Belo Horizonte ilitoa bendi ya Sarcófago, na Medellín ya Kolombia ikatoa Parabellum, zote zikirekodi muziki mkali kupindukia katika miaka ya 1980, kabla vijana wa metali wa Norway, watakaotajwa hapa chini, hawajapata jina. Walatini walikuwemo ujenzi ulipokuwa ukiendelea. Tafadhali usigeuze hoja hii kuwa kwamba mdundo uko kwenye damu. Klave hufundishwa na kusikilizwa kwa miaka; mtoto wa Havana asiyeifanyia mazoezi ataikosea, na mtu wa Oslo aliyejituma ataipiga.

La pili ni kwamba muziki wa dansi ni wa furaha, hivyo kuupaka giza ni kuukosea heshima. Anayesema hivyo hajasikiliza maneno. Pedro Navaja, salsa ya Rubén Blades na Willie Colón kutoka albamu Siembra ya mwaka 1978, inasimulia jambazi wa mtaani anayemchoma kisu mwanamke na kupigwa risasi naye, wote wawili wakabaki barabarani, na watu wameicheza kwa zaidi ya miaka arobaini. Salsa imebeba vifo, magereza na umaskini tangu mwanzo. Metali haikuleta giza humo, imelikuta.

La tatu ni ushetani. Hofu hii ina chanzo: mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya vijana wa kundi la metali la Norway walichoma makanisa kweli, na huo ni uhalifu usio na utetezi. Lakini ni kundi dogo la mahali na wakati mmoja. Kwa sehemu kubwa picha za kutisha ni desturi ya sanaa. Hata jina la Black Sabbath lilitokana na filamu ya kutisha ya mwaka 1963. Msikilizaji ana haki ya kusoma maneno ya wimbo na kuukataa. Kuukataa kwa sababu mwimbaji ananguruma ni jambo jingine, maana mngurumo ni ufundi wa koo tu, unaotumia mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, na anayefundishwa vizuri anaweza kuufanya usiku mzima bila kuumia.

Limebaki jambo la fundi mitambo, na wengi hawalifikirii. Gitaa lililopasuliwa sauti hujaza karibu eneo lote la katikati la usikivu wetu, na huko ndiko ziliko tumba. Bendi inaweza kuwa na mpiga tumba hodari anayetoka jasho jukwaani na asisikike hata pigo moja. Kengele na tarumbeta hupenya, tumba huzama. Ndiyo maana rekodi nyingi za mchanganyiko huu zinaonekana kama zina ngoma kwa ajili ya mapambo: zilipigwa kwa haki, zikafunikwa wakati wa kuchanganya sauti. Mafundi wanaojali huwaambia wapiga gitaa wapunguze mkwaruzo kuliko walivyozoea, na wapiga gitaa hawapendi kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo ukikutana na wimbo wa aina hii, usianze kwa kuuliza kama unaupenda. Tafuta klave pale tumba zinapoanza, ishike kwa kidole mezani, na metali inapoingia usiiache. Ikiwa kidole chako kinaweza kuendelea na kengele au gitaa bado vinakutana nacho, wanamuziki hao wameunganisha miziki miwili. Ikiwa kidole kinapotea kila mara blasti inapoanza na kuanza upya kila inapokoma, umesikia kupokezana, jambo ambalo nalo lina uzuri wake. Na ikiwa hata zile sehemu za tumba hazikupi cha kushika, basi ngoma zile ziliwekwa kwa ajili ya rangi tu, na unaweza kwenda kwenye wimbo unaofuata.